Pua Inatiririka, Mwili Unauma: Ni Mafua, Influenza au Malaria?

Mvua zinaporudi juu ya vilima vya Mwakiro, katika uliokuwa mkoa wa Muyinga, Burundi, kikohozi nacho hurudi. Husikika darasani, msikitini, kanisani, kwenye foleni ya maji na ndani ya magari yanayobeba abiria kwenda Muyinga mjini na mpakani Kobero. Anayeulizwa anaumwa nini hujibu "giripe" tu, au "ibicurane" kwa Kirundi, na mazungumzo yanaendelea. Kwa salamu jibu hilo linatosha. Kwa matibabu ni jibu la hatari, kwa sababu jina hilo moja limebeba magonjwa mawili tofauti, yaani mafua ya kawaida na influenza, na mara nyingi nyuma yake umejificha ugonjwa wa tatu usiohusiana na pua hata kidogo: malaria.

Kuyatenganisha hakuhitaji shahada ya udaktari. Mtu aliye nyumbani anaweza kufika mbali kwa kujiuliza maswali mawili. Ugonjwa ulianzaje? Na je, kuna homa? Swali la kwanza hutenganisha mafua na influenza. La pili huamua kama damu ya mgonjwa ni lazima ipimwe leo, bila kusubiri kesho.

Mmoja huja polepole, mwingine hurusha chini

Mafua ya kawaida hayana haraka. Jioni koo linawasha. Asubuhi pua imeanza kutiririka, kesho yake chafya hazikomi, siku ya tatu pua imeziba na sauti imebadilika. Kwa mtu mzima homa haipo, au ni kijoto kidogo kisichomzuia kula. Mwenye mafua anakereka na kulalamika, lakini anafungua duka lake, anakwenda shambani, anasimama ubaoni kufundisha. Baada ya siku 7 hadi 10 amepona, ingawa kikohozi kinaweza kubaki hadi wiki ya pili au ya tatu bila kuwa na ubaya wowote.

Influenza ni habari nyingine. Mgonjwa wake mara nyingi anaikumbuka hata saa ilipomshika: asubuhi alikuwa akichuma kahawa, mchana anatetemeka chini ya blanketi. Joto hupanda ghafla hadi nyuzi 38, 39, hata 40. Kichwa kinagonga, macho yanauma yanapogeuka, mgongo na miguu vinauma, kikohozi ni kikavu na kinachoma kifuani. Pua inaweza kutiririka pia, ila si pua inayomlaza kitandani. Homa hukaa siku 3 hadi 5, na uchovu unaweza kuendelea wiki mbili baada ya homa kutoka.

Kuhusu maumivu ya mwili, mkulima ana haki ya kusita. Aliyelima tangu alfajiri huumwa mwili kila siku ya Mungu, na si ajabu akadhani ni jembe. Tofauti ipo: maumivu ya jembe hukaa kwenye misuli iliyofanya kazi, hupungua kwa kupumzika, na hayaji na homa. Maumivu ya influenza huenea mwili mzima, hata sehemu ambazo hazikufanya kazi yoyote, na kulala hakuyaondoi.

Magonjwa yote mawili huletwa na virusi, si na baridi wala kunyeshewa. Mvua inachofanya ni kuwasukuma watu ndani, wakakaa wengi katika chumba kimoja chenye dirisha lililofungwa, na hapo kikohozi cha mmoja hugeuka cha wote. Virusi vya mafua ya kawaida ni vya aina nyingi mno. Kundi moja tu kati yake, rhinovirusi, lina aina zaidi ya 100. Ndiyo maana mtu mzima hupata mafua mara 2 hadi 4 kwa mwaka na mtoto mdogo mara 6 hadi 8, bila hiyo kuwa dalili kwamba amelogwa au damu yake ni dhaifu. Virusi vya influenza vinavyowasumbua watu kila mwaka ni vya makundi mawili tu, A na B, ila hubadilisha sura mara kwa mara, hivyo kinga ya mwaka jana haitoshi mwaka huu.

Tofauti ya uzito nayo ni kubwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba influenza huwashika watu wapatao bilioni moja kila mwaka, na kati yao 290,000 hadi 650,000 hufa kwa matatizo ya kupumua. Mafua ya kawaida hayana hesabu ya namna hiyo.

Ukanda huu wenyewe una kumbukumbu yake. Novemba 25, 1918, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake la Afrika Mashariki ya Kijerumani huko Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, Zambia. Askari na wapagazi waliokuwa wamepona miaka minne ya vita walipelekwa Tabora kungoja safari ya kurudi makwao. Wengi waliishia hapo, wameuawa na influenza ya mwaka ule, ambayo duniani kote inakadiriwa kuua watu wapatao milioni 50. Walioiita mafua tu hawakuwa na muda mrefu wa kujisahihisha.

Homa ya Muyinga si homa ya Paris

Makala nyingi kuhusu mafua na influenza zimeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya na Marekani. Kule, mtu akipata homa ya ghafla na maumivu ya mwili katika miezi ya baridi, daktari hufikiria influenza kwanza. Ushauri huo ukihamishiwa Mwakiro kama ulivyo unaweza kuua.

Hesabu za Burundi zinaeleza kwa nini. Machi 2017 Waziri wa Afya, Josiane Nijimbere, alitangaza kwamba malaria imekuwa janga la taifa: tangu mwaka uanze walikuwa wamerekodiwa wagonjwa zaidi ya milioni 1.8 na vifo zaidi ya 700. Mwaka 2016 pekee ulikuwa umerekodi wagonjwa milioni 8.2, katika nchi yenye watu wapatao milioni 11, maana yake wengine waliugua zaidi ya mara moja. Mwaka 2019 wimbi likarudi, na hadi kufikia Julai kulikuwa na wagonjwa zaidi ya milioni 5.7 na vifo zaidi ya 1,800. Urefu wa vilima haukumlinda mtu. Mbu walikuwa mabondeni, kwenye mashamba ya mpunga na madimbwi ya maji, na usiku walipanda hadi kwenye nyumba.

Dalili za malaria na za influenza zinafanana kwa kiasi cha kumchanganya hata muuguzi mzoefu: homa ya ghafla, baridi ya kutetemesha, kichwa, viungo, kukosa hamu ya kula. Malaria huongeza kutapika, na kwa watoto kuharisha. Inaweza hata kuja na kikohozi. Kinachokosekana kwa kawaida ni chafya na pua inayotiririka. Lakini hata hapo mzazi asijipongeze mapema, kwa sababu mtoto mwenye mafua hakukatazwa kuwa na malaria siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kanuni inayofaa vilimani hapa ni fupi: pua hutoa fununu, homa hupimwa.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Kidole kinatobolewa, tone la damu linawekwa kwenye kipimo cha haraka, ambacho wauguzi wengi wa Burundi hukiita TDR, na baada ya dakika 15 hadi 20 jibu limepatikana. Kwa mtoto chini ya miaka 5 gharama isiwe kisingizio: tangu Mei 2006 serikali imefanya matibabu ya watoto wa umri huo kuwa bure katika vituo vya umma, pamoja na huduma za kujifungua. Katika wilaya kadhaa za afya, wahudumu wa afya wa jamii, wale abaremeshakiyago wanaoishi kilimani pamoja na wenzao, nao wamefundishwa kupima na kutibu malaria ya watoto hao nyumbani kwao.

Mambo matatu kuhusu jibu la kipimo yanastahili kukumbukwa. Kipimo kikisema hakuna malaria lakini homa ikaendelea siku ya pili, mgonjwa arudi apimwe tena. Aliyemaliza dawa za malaria siku chache zilizopita anaweza kuonyesha malaria kwenye kipimo cha haraka kwa wiki kadhaa ingawa amepona, kwa hiyo amwambie muuguzi alitibiwa lini. Na jibu la "malaria ipo" halimaanishi kwamba kifua ni salama, maana ugonjwa mmoja hauwezi kuufukuza mwingine.

Somo kutoka Panzi

Hilo la mwisho lilionekana wazi nchini Kongo. Mwishoni mwa mwaka 2024 habari zilienea kwamba "ugonjwa usiojulikana" unaua watu Panzi, eneo la mashambani katika mkoa wa Kwango, kusini magharibi mwa nchi. Wagonjwa walikuwa na homa, kichwa, kikohozi, pua inayotiririka na maumivu ya mwili, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto chini ya miaka 5. Magazeti ya dunia yaliupa jina la kutisha, Ugonjwa X. Timu za wataalamu zilisafiri siku mbili kutoka Kinshasa kwa barabara iliyoharibiwa na mvua.

Vipimo vilipotoka havikuonyesha kirusi kipya. Katika sampuli 12 za mwanzo, 10 zilikuwa na malaria. Uchunguzi mpana zaidi ulikuta virusi vinavyojulikana siku zote: influenza ya kundi A, rhinovirusi za mafua ya kawaida, virusi vya UVIKO-19 na wenzao. Hitimisho la WHO lilikuwa kwamba maambukizi ya kawaida ya njia ya hewa yalikutana na malaria katika miili ya watoto waliokuwa tayari na utapiamlo. Kila moja peke yake lilikuwa na tiba au uangalizi unaofahamika. Yalipokutana, mbali na hospitali, yaliua.

Panzi iko mbali na Muyinga, lakini mzazi wa Mwakiro ataitambua picha hiyo: msimu wa mvua, chakula kimepungua kabla ya mavuno, kituo cha afya ni safari ya miguu. Mtoto aliyekonda anapopata "giripe" haangaliwi kama mtoto mnene wa jirani. Anapelekwa kupimwa mapema.

UVIKO-19 nao, ambao Burundi ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza Machi 31, 2020, hautofautishwi na influenza kwa macho. Kupoteza ghafla uwezo wa kunusa ni dalili inayouashiria, lakini ni kipimo tu kinachothibitisha. Kwa aliye nyumbani uangalizi ni ule ule: apumzike, asiwaambukize wengine, na namna anavyopumua ichunguzwe.

Msafiri ana wajibu mmoja zaidi. Mkoa wa Kagera, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, ulikumbwa na Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025, na Rwanda mwaka 2024. Ugonjwa huo huanza kwa homa, kichwa na maumivu ya mwili, kama haya mengine. Ni nadra sana, na hakuna sababu ya kila mwenye homa kuogopwa. Ila aliyetoka safari asiache kumwambia muuguzi alikotoka, alimuuguza nani, na kama alihudhuria mazishi.

Mtoto: hesabu pumzi

Kinachowaua watoto wenye "giripe" mara nyingi ni nimonia inayofuata nyuma yake. Habari njema ni kwamba nimonia ina alama ambayo mama yeyote anaweza kuisoma kwa kutumia saa ya simu. Mtoto anatulizwa, asiwe analia wala kunyonya. Nguo inainuliwa kifua na tumbo vionekane. Kisha pumzi zinahesabiwa kwa dakika moja nzima, kila kifua kinapopanda ni pumzi moja.

Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi, anapumua haraka kupita kiasi. Wa miezi 2 hadi 11, kikomo ni 50. Wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, kikomo ni 40. Akifikisha hapo au kuzidi, au sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila anapovuta hewa, ni safari ya kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kuna dalili ambazo hazihitaji kuhesabu chochote. Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri: hiyo ni dharura, usiku au mchana. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa apelekwe mara moja, hata kama hakuna dalili nyingine.

Surua nayo huanza kwa kujifanya mafua: homa, kikohozi, pua, macho mekundu yenye machozi. Baada ya siku 3 au 4 upele hutokea usoni na kushuka mwilini. Mzazi anayeona macho mekundu pamoja na homa aangalie kadi ya chanjo kabla ya kusema ni mafua.

Kumuuguza nyumbani

Mafua ya kawaida hayana dawa ya kuyaponya, wala hayaihitaji. Mgonjwa anapumzika, anakunywa maji kwa wingi, uji, chai ya tangawizi, supu. Maji ya chumvi ya vuguvugu hutuliza koo la mtu mzima. Kijiko cha asali hupunguza kikohozi cha usiku, ila asali haipewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwani inaweza kumletea sumu hatari ya botulizimu. Anayenyonya aendelee kunyonyeshwa, mara nyingi zaidi na kidogo kidogo. Pua iliyoziba ya mtoto mchanga husafishwa kwa matone machache ya maji safi yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, kabla ya kumpa titi.

Kwa homa na maumivu, parasetamoli inatosha. Mtu mzima humeza kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, na asizidi vidonge 8 kwa siku nzima, maana zaidi ya hapo ini linaumia. Mtoto hupewa kulingana na uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa hiyo apimwe uzito, asigawiwe nusu ya kidonge kwa kukisia. Parasetamoli hushusha homa lakini haitibu malaria. Mtoto aliyepoa baada ya kuinywa bado anahitaji kipimo. Asipirini haipewi mtoto mwenye homa ya namna hii, kwa sababu pamoja na influenza inaweza kuleta ugonjwa adimu unaoharibu ini na ubongo.

Homa inapokuwa kali, wengi humfunika mtoto blanketi juu ya blanketi "ili atoke jasho". Afadhali avalishwe nguo nyepesi. Kujifukiza kwa majani ya mkaratusi, desturi iliyovuma sana Tanzania mwaka 2020, kunaweza kumfungulia pua mtu mzima, lakini mvuke hauui virusi, na sufuria ya maji yanayochemka karibu na mtoto imewaunguza wengi.

Mwenye influenza apumzike kweli kweli. Dawa ya kupambana na kirusi chenyewe ipo, oseltamiviri, na hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 48 za kwanza. Si ya kununuliwa dukani. Daktari huitoa kwa walio hatarini zaidi: wajawazito, wazee, watoto wadogo sana, na wenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo, selimundu au VVU. Watu hawa wasingoje siku ya tatu kuona kama itapita.

Yasiyosaidia

Kosa linalofanywa zaidi ni kununua vidonge viwili vitatu vya amoksilini pua inapoanza tu. Antibiotiki huua bakteria. Virusi vya mafua na vya influenza haviguswi nazo. Makamasi yakigeuka manjano au kijani siku ya nne, hiyo peke yake si alama ya bakteria, ni mwili unaopigana. Kinachopatikana kwa vidonge vile ni pesa iliyopotea, tumbo lililovurugika, na bakteria waliozoea dawa ambayo siku ya nimonia ya kweli itahitajika ifanye kazi.

Dawa za malaria bila kipimo ni kosa la aina hiyo hiyo. Mwenye influenza akizimeza, homa itatoka siku ya nne kama ambavyo ingetoka yenyewe, naye ataamini zimemponya. Mwenye malaria ya kweli aliyepewa dawa ya kikohozi hana bahati hiyo.

Lililo baya zaidi ni kisu. Katika sehemu za Burundi bado wapo wanaoamini kwamba mtoto anayekohoa na kutapika ana ikirimi iliyorefuka, kile Watanzania wanachokiita kimeo, na humpeleka kwa fundi akatwe. Kidude hicho cha kooni hakisababishi mafua, nimonia wala malaria. Kukikata nyumbani kumewaletea watoto kutokwa damu nyingi, upungufu wa damu, maambukizi na hata pepopunda. Na wakati kidonda kinauguzwa, ugonjwa wenyewe unaendelea na kazi yake.

Kuukata mnyororo

Mwenye influenza huanza kuambukiza siku moja kabla hajajijua na huendelea siku 5 hadi 7, mtoto zaidi ya hapo. Sabuni ndiyo silaha ya bei nafuu. Katikati ya mwaka 2020 serikali ya Rais Évariste Ndayishimiye ilishusha bei ya sabuni ya buluu ili watu wanawe kujikinga na UVIKO-19, na mkono unaonawa kirusi kimoja unanawa na vingine. Mgonjwa akohoe kwenye kiwiko, si kiganjani, kwa maana salamu za Burundi ni za kushikana sana. Mwenye kikohozi asamehewe akisalimia kwa mbali. Vikombe vya chai visisuuzwe vyote kwenye beseni moja, na kwenye chungu cha pombe ya impeke kila mnywaji awe na mrija wake.

Moshi wa kuni na makaa huchubua njia ya hewa na kuifungulia nimonia mlango. Mtoto anayebebwa mgongoni jikoni anauvuta wote. Kupikia nje inapowezekana, au kufungua dirisha na kumweka mtoto mbali na mafiga, ni kinga halisi. Nyingine ni chanjo: ile ya watoto inayojumuisha kinga dhidi ya bakteria wa Hib imekuwepo Burundi tangu 2004, na ya nimokoka tangu 2011. Hazizuii mafua, lakini huzuia sehemu kubwa ya nimonia inayokuja baada yake. Chandarua chenye dawa hakizuii influenza, lakini huondoa mkanganyiko mkubwa: aliyelala ndani yake kila usiku ana nafasi ndogo zaidi ya kuwa na malaria chini ya kikohozi chake.

Kalenda ya mgonjwa

Pua na chafya bila homa: baki nyumbani, kunywa maji, subiri siku 10. Homa yoyote: pima malaria ndani ya saa 24. Homa iliyoondoka kisha ikarudi na kikohozi kikazidi: rudi kituoni, inaweza kuwa nimonia imefuata influenza. Kupumua kwa shida, maumivu makali ya kifua, kuchanganyikiwa, midomo kugeuka rangi: nenda sasa hivi. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, hasa chenye kukonda na jasho la usiku: peleka makohozi yapimwe kifua kikuu, ambacho kinatibika na dawa zake hutolewa bure.

Mwakiro, iliyokuwa moja ya tarafa saba za Muyinga, tangu mabadiliko ya 2025 imo ndani ya mkoa mpya wa Buhumuza. Mipaka imehama, lakini njia ya kwenda kituo cha afya ina urefu ule ule, na usiku wa mvua huwa ndefu zaidi. Kwa hiyo kila mwenye mtoto mdogo na aulize wiki hii, wakati wote nyumbani wana afya, mhudumu wa afya wa kilima chake anakaa nyumba gani, kama ana vipimo vya malaria, na nani mwenye pikipiki anayekubali kuamshwa usiku. Namba zao ziwekwe kwenye simu leo.